Mashine ya Kutandika Zizi na Mabua ya Alizeti

Ng'ombe alalaye mahali pamoja kila usiku huacha hapo kinyesi, ambacho kila mkulima hukiona na kukithamini, na mkojo, ambao huzama ardhini na kupotelea hewani bila mtu kuusikitikia. Ilhali mkojo huo, wakati malisho yakiwa mabichi, aghalabu huchukua karibu nusu ya nitrojeni yote atoayo mnyama. Kuunasa ndiyo kazi kubwa ya matandiko ya zizini, yaani majani makavu au mabua yatandazwayo ili ng'ombe ayalalie. Raha ya mnyama huja baadaye, ingawa nayo haifai kudharauliwa, kwani ng'ombe alalaye katika tope huugua kwato na kiwele kwa urahisi zaidi.

Katika nchi za kaskazini ya Ulaya ng'ombe wengi hufungiwa ndani muda wote wa baridi, na hutandikiwa mabua ya ngano au ya shayiri. Ng'ombe mmoja aliye katika banda la namna hiyo huhitaji kilo 5 hadi 10 za mabua kwa siku. Mfugaji mwenye ng'ombe 100 basi hana budi kutandaza nusu tani hadi tani nzima kila siku, na kazi hiyo kwa uma wa mkono humchosha mtu kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo sababu ikabuniwa mashine ya kutandika. Robota la mabua hutiwa katika pipa kubwa, likafumuliwa na kukatwa na meno yazungukayo kwa kasi. Kisha feni yenye nguvu huyapuliza mabua yaliyokatwa kupitia bomba, yakaangukia umbali wa mita 15 au zaidi. Nguvu hutoka kwa trekta, kwa njia ya mhimili ulio nyuma yake ambao kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Mashine hiyo, kwa hakika, ni mashine mbili zilizounganishwa: moja hukata na nyingine hurusha.

Je, chombo kama hicho kina maana yoyote Issuna? Kata hiyo ya Wilaya ya Ikungi, iliyo kwenye barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida, ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Udongo wa eneo hilo la Singida, nchi ya miamba ya graniti, kwa sehemu kubwa ni wa kichanga na haushiki rutuba kwa muda mrefu. Ng'ombe huchungwa mchana na kurudi zizini jioni. Kwa zizi la ng'ombe sita au kumi, feni ya kurushia haina kazi, maana kijana mmoja mwenye kikapu atamaliza kutandaza kabla trekta halijawashwa. Lakini ile sehemu ya kukata ni habari nyingine.

Thamani ya samadi haihitaji kuhubiriwa huko. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Harold Schneider, aliyeishi kati ya Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970 jinsi mavuno ya nafaka yalivyotegemea samadi ya mifugo yao. Wala kutandika zizi si jambo geni Tanzania. Katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria, Wakara walijulikana tangu zamani kwa kufuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika mashimo yaliyotandikwa majani mara kwa mara, hadi samadi ilipojaa na kuchukuliwa shambani. Wachaga wa Kilimanjaro nao hutandika kwa majani ya migomba. Issuna haina migomba, na mabua yake ya mtama na uwele yana wadai wengi: ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na pengine ni kuni na ua. Kuyatandaza chini yakanyagwe ni kumnyima mnyama chakula ili kumtengenezea kitanda.

Limebaki bua la alizeti, zao ambalo mkoa wa Singida unasifika kwalo. Ng'ombe hulipenda kidogo sana, kwa kuwa ganda lake ni gumu kama mti, na baada ya mavuno mengi ya mabua hayo huchomwa moto shambani. Moto huacha potasi katika majivu, ila nitrojeni yake karibu yote hutoka na moshi. Mtu akilipasua bua hilo ataona ndani yake kiini cheupe, chepesi, chenye vijitundu visivyohesabika, mfano wa sponji. Kiini hicho hunywa maji kwa wingi wa kustaajabisha. Taabu ni kwamba kimefungiwa ndani ya ganda lisilopitisha maji kwa urahisi. Bua zima likitupwa zizini hubaki gogo la kumkwaza ng'ombe. Likikatwa vipande vya sentimita 2 au 3, kiini hupata mlango pande zote mbili. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, iwe ya injini ndogo ya petroli, ya umeme, au ya kuzungushwa kwa mkono, hufanya kazi hiyo, mradi visu vyake viwe imara na vinolewe mara kwa mara.

Ndani ya matandiko hayo hutokea mambo ya kikemia ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyafuata. Mkojo una yurea. Kimeng'enya kitolewacho na bakteria wa kinyesi na udongo huigeuza yurea kuwa amonia kwa muda wa saa chache, na amonia, kwa kuwa ni gesi, huruka. Mabua yenye unyevu huizuia kwa kiasi. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mabua yana kaboni nyingi na nitrojeni chache, vijidudu viyaozeshavyo huitwaa amonia hiyo kuwa chakula chao na kuihifadhi katika miili yao. Ila mkulima asiyachukue matandiko shambani yangali mabichi: vijidudu hivyo vitaendelea kutafuta nitrojeni, na wataipokonya mimea hadi majani yawe manjano. Yalundikwe na kurushiwa maji hadi yaoze, ndipo yasambazwe kabla ya mvua za Novemba.

Faida kubwa hupatikana masika, majani yawapo mabichi na mkojo uwapo na nitrojeni nyingi. Kiangazi, mnyama alapo mabua makavu, mkojo huwa na nitrojeni haba. Lakini masika ndiyo pia mvua huosha zizi lisilo na paa. Kwa hiyo mwenye fedha za kutosha kitu kimoja tu aezeke kwanza, kisha afikirie mashine.

Mabua nayo, yakivunwa Mei au Juni, hayana budi kukaa juu ya uchaga, mbali na mchwa na unyevu, hadi Desemba. Yaliyoota ukungu yasikatwe kabisa. Mwaka 1932 daktari J. M. Campbell wa Uingereza alieleza maradhi ya mapafu yaliyowapata wakulima walioshughulika na nyasi kavu zilizovunda, na mashine huongeza hatari hiyo kwa kulitimua vumbi usoni mwa mtu.

Shule yenye mizani inaweza kulipima jambo hili yenyewe. Zipimwe gramu 100 za mabua mazima ya alizeti na gramu 100 za yaliyokatwa, yote yakiwa makavu. Yazamishwe majini nusu saa, yachujwe na kupimwa tena. Kisha mafungu mawili mapya yamwagiwe mkojo wa ng'ombe kwa kipimo sawa, yafunikwe katika ndoo, na karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa ining'inizwe chini ya kila kifuniko. Wanafunzi waandike ni ipi iliyotangulia kugeuka buluu, na baada ya saa ngapi.