Vigawo vya Namba na Swali la 70

Katika kufundisha vigawo, mwalimu aghalabu huridhika wanafunzi wanapoviorodhesha bila kuacha hata kimoja. Sisi twaona kwamba kazi yenye manufaa huanzia hapo. Na awaulize: je, tukiiweka namba yenyewe kando, tukachukua baadhi ya vigawo vyake, kila kimoja mara moja tu, twaweza kupata jumla iliyo sawa na namba hiyo?

Tuchukue 20. Vigawo vyake ni 1, 2, 4, 5 na 10; jumla ni 22, yaani ziada ni 2. Tukiondoa kigawo 2, hubaki 1 + 4 + 5 + 10 = 20. Namba 18 ina njia mbili, kwa kuwa ziada yake ya 3 yaweza kuondolewa kwa 3, au kwa 1 na 2 pamoja. Namba 10 haifai, maana 1, 2 na 5 hata vikijumlishwa vyote hufanya 8 tu. Darasa likiendelea hivyo, ubaoni utapatikana mfululizo huu: 6, 12, 18, 20, 24, 28, 30, 36, 40. Vigawe vyote vya 6 vimo, na sababu yake ni sehemu: nusu, theluthi na sudusi hufanya kizima kimoja. (Hapa ndipo pa kukumbushia somo la sehemu.)

Punde wanafunzi watadai kwamba kila namba ambayo vigawo vyake huizidi lazima iingie katika mfululizo. Mwalimu asiwakatize. Dai hilo ni kweli mpaka 69.

Kisha awape 70. Vigawo ni 1, 2, 5, 7, 10, 14 na 35. Jumla ni 74. Watajaribu huku na huku, na hatimaye mmoja atasema, “Sioni jibu.” Mwalimu asilikubali neno hilo kuwa ni sawa na “Jibu halipo,” kwani kuna njia 128 za kuchagua miongoni mwa vigawo saba, na hakuna mtoto aliyezijaribu zote. Aulize: ziada ni ngapi? Ni 4. Vigawo gani havizidi 4? Ni 1 na 2 tu, ambavyo jumla yake ni 3. Basi 4 haiwezi kuondolewa kwa njia yoyote, na neno limethibitika bila kujaribu zote 128.

Namba za namna hii Stan Benkoski aliziita namba za ajabu mwaka 1972. Mwaka 1974 yeye na Paul Erdős walionyesha kwamba hazina mwisho. Namba witiri ya aina hiyo haijapatikana hata leo, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Kwa Darasa la Saba twapendekeza 836, ambayo ndiyo inayofuata baada ya 70. Ziada yake ni 8. Wanafunzi watafute wenyewe vigawo visivyozidi 8, kisha waeleze kwa maandishi kwa nini havitoshi.