Likasi: Patron akiwa mbali, mwizi anaandika kwa jina lake

Mwenye depo ya saruji pale Kikula anaweza kuwa na karani wake Lubumbashi, kilometa kama 120 hivi, na mtu wake wa duane kule Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Wanaweza kumaliza mwezi mzima bila kuonana. Ofisi yao ni simu: bei zinapita kwa WhatsApp, picha za faktire zinapita humo humo, na feza inatumwa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money.

Kazi ya namna hii ilikuwepo zamani, lakini Covid iliisukuma mbele. Machi 2020 Lubumbashi ilifungwa kwa saa 48, kisha nchi nzima ikaingia katika hali ya dharura, na hata wale waliokuwa wanadharau kazi ya kwa simu walilazimika kuijaribu. Ugonjwa ulipungua, mazoea yakabaki. Nani atalipa transport kila wiki kwa ajili ya kuleta karatasi mbili?

Shida ni hii. Katika ofisi yenye mlango, karani anamtambua patron wake kwa uso na kwa sauti. Kwenye simu anamtambua kwa picha ndogo ya profil na kwa namna anavyoandika. Vyote viwili vinaibiwa.

Tuseme ni Ijumaa, saa kumi na moja ya magaribi, banki zimekwisha kufunga. Karani wa Lubumbashi anapata ujumbe kutoka kwa WhatsApp ya patron: «Mama, niko mu reunion, siwezi kupokea simu. Ile feza ya camion, tuma ku numero hii ya mupya. Fanya mbio, shofere anangojea.» Picha ni ya patron. Habari ya camion ni ya kweli. Anatuma.

Mwizi hakuvunja kompyuta yoyote. Asubuhi ile aliandikisha namba ya patron kwenye simu nyingine, na WhatsApp ikatuma SMS yenye tarakimu 6 kwa patron mwenyewe. Kisha mwizi akamwandikia kwa jina la rafiki: «Nilikutumia code kwa makosa, unirudishie.» Patron akarudisha, bila hata kuwaza. Dakika ileile WhatsApp yake ikahamia mikononi mwa mwingine. Mwizi akaingia kwenye magrupe ya kazi, akaona nani anaitwa Mama, akaona watu wanauliza camion imefika wapi. Ndiyo maana ujumbe wake ulikuwa na harufu ya kweli.

Kwa hiyo zile tarakimu 6 hazipewi mtu, hata ndugu, hata anayejiita mtumishi wa kampuni ya simu. Tena kuna kufuli ya pili ambayo wengi hawajaiweka. Kwa simu iliyo katika Kifaransa, inapatikana ndani ya Paramètres, Compte, kisha Vérification en deux étapes. Pale mwenye namba anachagua namba yake ya siri, na mwizi mwenye SMS peke yake atakwama. Ni kazi ya dakika mbili, na haiombi mega nyingi.

Lakini dawa kubwa zaidi ni simu ya sauti. Kila mara numero ya kulipia ao konti ya banki inapobadilika, karani anapiga kwanza. Apige simu ya kawaida, ya unite, kwa namba iliyoandikwa kwenye buku, hapana kwa WhatsApp. Sababu ni nyepesi: mwizi amechukua WhatsApp, lakini kadi ya SIM bado iko kwa patron. Ukipiga kwa WhatsApp unampigia mwizi; ukipiga kwa unite unampata mwenyewe.

Hapa lawama si ya karani peke yake. Kuna mapatron wanaogomba wakiulizwa: «Huniamini?» Karani wa namna hiyo ataogopa kupiga, na mwizi anajua hivyo, ndiyo maana anaandika kwa sauti ya mkubwa mwenye haraka. Patron anayetaka feza yake ilindwe awaambie watu wake wazi kwamba kuulizwa hakumkasirishi, na kwamba feza kubwa haitoki bila watu wawili kukubali.

Hata leta inapigwa. Novemba 2024, waziri mmoja wa Uganda alikubali mbele ya bunge kwamba konti za serikali kwenye banki kuu ziliingiliwa. Februari 2025 watumishi wa wizara ya fedha, pamoja na mhasibu mkuu wa serikali, walipelekwa mbele ya tribinali; mashitaka yanasema malipo ya deni yaligeuzwa njia, yakaenda kwa konti zingine nje ya nchi. Kwa mwenye duka, jambo la kuchukua pale ni kwamba mlango unaweza kufunguliwa na mtu wa ndani.

Ndiyo maana neno la siri moja linalotumiwa na watu watano ni hatari. Mmoja akiacha kazi kwa ugomvi, anaondoka na ufunguo. Kila mtumishi awe na konti yake, na siku ya kuondoka ifungwe siku ileile. Neno la siri refu linashinda fupi lenye alama za ajabu: maneno manne yasiyohusiana, ukichanganya Kiswahili na Kisanga ao Kiluba, sawa vile bukari, kinga, mvula, na jina la mto. Hayo yameandikwa hapa, basi yasitumiwe.

Kwenye secrétariat public, mtu akifungua email yake kwa kuprinti faktire, aifunge kabla ya kulipa. Hesabu za biashara ziwe na kopi mahali pengine, maana umeme wa SNEL ukikatika vibaya, masini inaweza kufa na kila kitu ndani.

Na kama feza imekwisha kwenda? Mtu apige kwa kampuni ya simu palepale, kabla mwizi hajaitoa. Saa moja ni nyingi. Ujumbe usifutwe, ni ushahidi. Sheria ipo: Code du numérique, ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu wizi wa namna hii. Kwa WhatsApp iliyoibiwa, mwenyewe aandikishe tena namba yake; SMS mpya itamtoa mwizi nje. Kama mwizi alishaweka namba ya siri yake, mwenyewe atangoja siku 7 kabla ya kuingia. Katika siku hizo 7, awapigie wateja na watumishi wake mmoja mmoja, kwa unite.