Lugha Huhesabiwa Mara Mbili

Chukua wanafunzi wawili wa darasa la 11 nchini Marekani waliofanya mtihani wa PSAT/NMSQT mwezi Oktoba. Wa kwanza amepata 650 katika Kusoma na Kuandika na 740 katika Hisabati. Mwenzake amepata kinyume chake: lugha 740, hisabati 650. Jumla zao ni sawa, 1390. Lakini katika mbio za ufadhili wa masomo wa National Merit, ambazo huchuja washindani kwa mtihani huu, wa kwanza ana pointi 204 na mwenzake ana 213.

Siri iko kwenye kanuni ya kukokotoa. Alama za lugha huzidishwa mara mbili, zikajumlishwa na za hisabati, kisha jumla ikagawanywa kwa 10. Pointi za juu kabisa ni 228, na kila jimbo huwa na kiwango chake cha kufuzu nusu fainali kinachobadilika mwaka hadi mwaka. Katika miaka ya karibuni, Massachusetts na New Jersey zimekuwa zikidai zaidi ya 220, ilhali Wyoming na West Virginia zimekuwa chini ya 215. Hapo pointi tisa si mchezo. Mzazi anayeelekeza pesa zote za tuisheni kwenye hesabu anafaa kuijua kanuni hii mapema.

Mashindano haya, yaliyoanzishwa mwaka 1955, hayawahusu raia peke yao. Mwanafunzi anayesoma sekondari ndani ya Marekani anaruhusiwa hata kama si raia. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa watoto wa familia zilizoingia Marekani kwa bahati nasibu ya green card, na kwa watoto wa wakimbizi wa Kongo waliohamishiwa huko. Usajili hufanywa shuleni, kwa kawaida kupitia mshauri wa wanafunzi, na kwa wengi mwaka unaohesabiwa ni mmoja tu: darasa la 11.

Tangu mwaka 2023 mtihani hufanywa kwenye kompyuta, kwa programu iitwayo Bluebook. Una maswali 98 ya dakika 134: lugha maswali 54 kwa dakika 64, hisabati maswali 44 kwa dakika 70, na kati yake mapumziko ya dakika 10. Kila sehemu imegawanywa katika awamu mbili. Mtahiniwa akifanya vizuri awamu ya kwanza, programu humletea awamu ya pili iliyo ngumu zaidi. Akiteleza, humpa nyepesi, na nyepesi haiwezi kumfikisha kwenye alama za juu. Ndiyo maana kuyafanya maswali ya mwanzo kwa pupa ni hatari, hata kama yanaonekana rahisi.

Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Swali likiachwa wazi ni hasara tupu, hivyo dakika ya mwisho ya kila awamu itumike kujaza yaliyobaki, hata kwa kubahatisha.

Matini za sehemu ya lugha ni fupi, kati ya maneno 25 na 150, na kila moja ina swali moja. Baadhi ya maswali hupima alama za uakifishaji. Sentensi mbili kamili zikiunganishwa kwa mkato mtupu, hilo ni kosa. Panahitajika nukta, nuktamkato au kiunganishi. Mwanafunzi aliyeishika kanuni hiyo hujibu bila kupapasa, akabakiwa na muda wa matini nzito za sayansi au fasihi ya karne ya 19.

Upande wa hisabati, kikokotoo cha kuchora grafu cha Desmos kimo ndani ya programu yenyewe. Swali likiuliza ni thamani gani ya k inayoipa x² − 6x + k = 0 jibu moja tu, aliyezoea chombo hicho huchora mchirizo wake, akabadilisha k hadi mchirizo uguse mhimili wa x mahali pamoja. Atapata 9. Asiyekizoea atahangaika na vitufe huku saa inakwenda.

Maandalizi si lazima yagharimu pesa. Bluebook ina mitihani kamili ya majaribio, na Khan Academy hutoa mazoezi bure. Kinachosaidia zaidi ni kufanya mtihani mzima kwa muda uleule, kisha kukaa na kila kosa: je, kanuni haikujulikana, swali lilisomwa haraka, au muda uliisha? Kila jibu lina dawa yake. Siku yenyewe, kompyuta ifike shuleni ikiwa na chaji kamili na programu imeshawekwa.

Wanaoingia kwenye shindano ni zaidi ya milioni 1.3, na kati yao wapatao 16,000 hutangazwa Septemba inayofuata kuwa wamefika nusu fainali. Baada ya hapo huwasilisha insha, alama za shule, pendekezo kutoka shuleni na matokeo ya mtihani wa kuingia chuo wa SAT au ACT yanayothibitisha uwezo wao. Walio wengi huvuka kuingia fainali, lakini si kila aliyefika fainali hupewa fedha. Tuzo ya shirika lenyewe la National Merit ni dola 2,500 za mara moja, na baadhi ya vyuo huongeza ufadhili wao kwa walioteua chuo hicho kuwa chaguo la kwanza.