HABA NA HABA HUJENGA MISULI

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika makala haya nataka kukueleza vile methali hiyo inavyofanya kazi mwilini, hasa wewe unayetamani kufanya mazoezi ya nguvu lakini waona haya kuanza.

Mimi pia niliona haya. Huku kwetu Mwembe Tayari mifereji ikikauka hununua maji ya mkokoteni. Mtungi mmoja ni lita 20, yaani kilo 20, na sisi twakaa ghorofa ya tatu. Siku moja mwaka jana mama alikuwa anaumwa na mgongo, nikaambiwa nipandishe maji mimi. Hata ghorofa ya kwanza sikufika, mikono ikalegea. Muuza maji akanitazama, akasema, "Wacha nikubebee, mwanangu." Mzee yule amemzidi baba yangu umri! Niliingia ndani kichwa chini. Jioni ile ile nikaanza.

Wengi wetu tunazuiwa na mambo matatu. Kwanza, tunaambiwa ati mazoezi ya nguvu humdumaza kijana. Si kweli, mradi yafanywe kwa njia nzuri na uzani uwe wa kiasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linahimiza vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Pili, wasichana tunaogopa kuwa na vifua kama vya mabaunsa. Miili yetu ina homoni ya kiume kidogo sana, kwa hivyo misuli haivimbi ovyo. Na kunyanyua uzani si kazi ya wanaume peke yao. Mwaka 2022 Mkenya mwenzetu Hellen Wawira Kariuki alishinda medali ya shaba ya kunyanyua uzani kwa walemavu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham. Tatu, tunasema hatuna pesa za jimu. Kwani ukuta wa nyumbani hulipishwa?

Basi anza hivi. Simama mbele ya ukuta, weka viganja, ukunje mikono halafu ujisukume mara 8. Kisha keti kwenye kiti na usimame bila kujishika, mara 8. Pumzika kidogo, rudia mpaka itimie mizunguko 3. Ukiona ni rahisi, toka ukutani uende kwenye meza, halafu sakafuni. Mtungi nao uanze na lita 5, kisha 10. Unapouinua kunja magoti, usipinde mgongo, wala usizuie pumzi.

Fanya siku tatu, kama vile Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Siku za katikati ni za kupumzika, manake misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Kesho yake utaumwa kidogo na hiyo ni kawaida. Lakini ukisikia maumivu makali kwenye kiungo, acha na umwambie mtu mzima. Mwezi wa Ramadhani mimi hufanya baada ya kufuturu, tena kidogo tu. Chakula nacho kisikusumbue: mbaazi, maharagwe, mayai na samaki vyatosha.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili. Wiki za mwanzo ukijitazama kwenye kioo hutaona kitu. Hapo ndipo watu hukata tamaa. Kumbe nguvu imeshaanza kuongezeka, kwa sababu ubongo na neva zinajifunza kuiamsha misuli uliyo nayo tayari. Misuli yenyewe hukua baadaye. Kwa hivyo usihesabu kwa kioo, hesabu kwa daftari. Andika leo umefanya mara ngapi.

Daftari langu lilianza na mara 5 ukutani. Sasa ni miezi minane. Mtungi wa lita 20 naufikisha juu, ingawa bado napumzika mara moja pale ghorofa ya pili. Mama hapandishi maji tena.

Ewe mwenzangu, usingoje mwaka mpya. Ukuta uko pale. Anza na mara 5.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu