Presha Imeshuka, Lakini Ubongo Umekingwa?

Mtu anayemeza atenolol, dawa ya presha ya kundi la beta-bloka, akipimwa na kukutwa na 130/80, yeye na mhudumu wake huridhika. Haitoshi. Presha hutibiwa ili kuzuia kiharusi na kukinga moyo na figo, na hapo ndipo atenolol ilipokwama. Mwaka 2002, utafiti wa LIFE uliochukua watu 9,193 ambao presha ilikwisha kunenepesha misuli ya mioyo yao ulionyesha kwamba waliopewa losartan, dawa ya presha isiyo beta-bloka, walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 25 kuliko waliopewa atenolol, ingawa presha ilishuka karibu sawasawa. Sababu moja inayotolewa ni kwamba presha ya mkononi si lazima ilingane na ile ya mshipa mkuu utokao moyoni: atenolol hupunguza kasi ya mapigo, wimbi la damu linalorudi kutoka mwilini likaukuta moyo bado unasukuma, na presha ya ndani ikabaki juu bila mashine ya mkononi kuiona.

Wapo watakaosema kosa ni la atenolol, si la beta-bloka zote. Hoja hiyo ina uzito. Nusu ya atenolol hutoka mwilini ndani ya saa 6 hadi 7, nayo humezwa mara moja kwa siku! Carvedilol na nebivolol, tofauti nayo, hutanua mishipa pia. Ila kutanua mishipa ni jambo moja, na kuthibitishwa kwamba zinazuia kiharusi kwa mwenye presha tupu ni jingine. Uthibitisho huo kwa majaribio makubwa bado haujapatikana. Ndiyo maana kwa presha isiyo na ugonjwa mwingine naona dawa zisizo beta-bloka, kama amlodipine au losartan, zitangulie, hata kama mwongozo wa Ulaya wa 2023 umezirudisha beta-bloka kwenye makundi makuu ya dawa.

Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, mambo hugeuka, na beta-bloka huwa na nafasi yake. Mwaka 1999 bisoprolol ilionyeshwa kupunguza vifo vya wagonjwa hao kwa takriban theluthi moja, na metoprolol ya succinate pamoja na carvedilol nazo zimethibitishwa. Metoprolol ya tartrate ilishindwa na carvedilol mwaka 2003, kwa hiyo neno dogo lililo kwenye boksi lisomwe. Mjamzito mwenye presha hupewa labetalol, beta-bloka nyingine, kwani atenolol huweza kudumaza mtoto tumboni. Mwenye pumu akae mbali na propranolol, nayo beta-bloka. Na anayetaka kubadilisha beta-bloka asiiache ghafla, maana mapigo na presha huweza kupanda kwa kishindo: daktari humpunguzia dozi hatua kwa hatua.