Maneno ya Kupenda, na Mahali pa Kila Neno

Sisi walimu wa huku mlimani, ambao Kiswahili hatukukinyonya kwa mama zetu, hudhani ya kuwa kupenda ni neno jepesi. Mtoto asema apenda ndizi. Mchungaji ahubiri ya kuwa Mungu awapenda watu. Tendo ni lile lile. Lakini maneno yaliyozaliwa na tendo hilo yana tofauti, na asiyezijua hukosea. Nasi tumekosea.

Upendo ni wema wa moyo utakao heri ya mwingine: wa mzazi, wa jirani, wa Mungu. Ndilo neno lililotumika katika Biblia ya mwaka 1952, katika sura ya 13 ya Waraka wa kwanza kwa Wakorintho. Mapenzi yana maana mbili. Ya kwanza ni yale mtu atakayo. Ndiyo sababu katika Sala ya Bwana mapenzi ya Mungu si upendo wake, bali ni lile atakalo litendeke. Ya pili ni shauku ya mume na mke. Mahaba na huba yametoka katika Kiarabu, na washairi wa pwani huyatumia sana. Ni maneno ya wapenzi, hayafai kuandikiwa mkwe. Mpendwa ni yeyote apendwaye, hata kusanyiko zima huitwa wapendwa. Lakini mwalimu akimwita binti wa watu mpenzi, atapata kuulizwa habari za mahari.

Wachaga nao wana neno lao, kunda, nalo limo katika majina kama Elikunda na Kundaeli, ambamo Eli ni Mungu. Hata hivyo wazee tuliowajua hawakuwa na desturi ya kuwaambia wake zao neno hilo kwa kinywa. Upendo wao ulionekana katika mambo waliyoyatenda.

Hilo tulifundishwa kwa aibu. Kijana mmoja aligombana na mkewe, na mke akarudi kwa baba yake. Kijana akatuomba tumwandikie barua. Tukaipamba kwa mahaba na huba, tukamwita yule mwanamke laazizi, nasi tukaona fahari kwa Kiswahili chetu. Barua ikasomwa mbele ya mzee, mkewe na ndugu wote. Binti akainamisha uso kwa haya. Mzee akairudisha pamoja na ujumbe mfupi: “Maneno tumeyasikia. Isale liko wapi?”

Isale ni mmea ambao Wachaga huupanda mipakani mwa vihamba na penye makaburi ya wazee. Mkosaji humpelekea aliyekosewa jani lake kuomba radhi, na desturi yamtaka aliyekosewa asilikatae. Basi kijana akaenda mwenyewe, jani mkononi, akasema maneno matatu tu: “Mke wangu, nimekosa.” Jioni ile walirudi pamoja.

Kwa hiyo, ndugu zetu walimu na wachungaji, tuwafundishe vijana kila neno na mahali pake, wala tusiyadharau maneno matamu ya pwani, maana kwao yana heshima yake. Lakini kabla ya kumwandikia mtu barua ya kupatanisha, kwanza tuulize watu wale watakaoisoma wamezoea kuutambua upendo kwa ishara gani.