Mzee anapopayapaya wodini, usiseme ni uzee

Hebu, msomaji, tuchukue mfano wa nyanya wa miaka 76 anayeishi na mwanawe Kawangware. Jumatatu amelazwa kwa nimonia, akiwataja wajukuu wote kwa majina na kukumbuka hata deni la mama mboga. Jumatano jioni jamaa wanafika kando ya kitanda na kukuta mambo mengine. Anavuta mpira wa dripu. Anamwita mwanawe kwa jina la nduguye aliyekufa zamani. Anasema kuna mbuzi chini ya kitanda.

"Shosho, ni mimi," mjukuu anajaribu. Shosho anamtazama kama mpita njia.

Hapo minong'ono huanza. Mmoja atasema ni uzee. Mwingine ana hakika kuna mkono wa mtu. Wa tatu, na huyu hakosekani katika ukoo wowote Nairobi, atapendekeza apelekwe mashambani punde akitoka, na hati ya ploti itafutwe mapema.

Wote watatu wamekosea. Hali hiyo madaktari huiita deliriamu. Sisi twasema kupayapaya au kuweweseka. Ni ubongo uliolemewa na shida iliyoanzia kwingine: maambukizi, upungufu wa maji mwilini, maumivu, upasuaji, choo kilichofunga, mkojo uliozuilika, au dawa. Huja ghafla, kwa saa au siku chache, na hupanda na kushuka. Asubuhi mgonjwa anazungumza vyema, jioni hajui aliko. Ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, kwa kawaida, hujongea polepole kwa miezi na miaka.

Wala si kila mgonjwa hupiga kelele. Yuko yule anayesinzia kutwa, hajibu, hali. Jamaa hushukuru kwamba amepumzika. Huyo ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwani hakuna anayemwitia daktari.

Zamani iliaminika kuwa deliriamu ikishapita imepita. Sivyo. Huko Nashville, Marekani, wagonjwa 821 waliolazwa mahututi, wazee na wasio wazee, walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Baada ya mwaka mmoja, takriban mmoja kati ya kila wanne waliopimwa alikuwa na akili iliyofifia kama ya mtu mwenye ugonjwa wa Alzheimer katika kiwango chake cha chini. Kadiri deliriamu ilivyodumu, ndivyo hali ilivyokuwa mbaya. Wataalamu bado wanabishana iwapo deliriamu yenyewe huujeruhi ubongo au hufichua tu ufa uliokuwapo.

La kutia moyo ni kwamba mara nyingi yaweza kuzuiwa, tena bila mitambo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha habari za wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Waliokumbushwa siku na mahali, wakatembezwa, wakanyweshwa maji, wakapewa miwani yao na kuachwa walale usiku, walipatwa na deliriamu kwa asilimia 9.9. Waliopata matunzo ya kawaida walifika asilimia 15.

Sasa mfikirie mzee aliyeletwa Kibera juzi kutoka Siaya. Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Miwani imebaki nyumbani, jamaa wakihofia itaibwa wodini. Atajuaje kama ni usiku au mchana?

Watu wa Kibera wana nafuu moja: kwa wengi wao, Mbagathi na Kenyatta ni mwendo wa miguu, hivyo jamaa waweza kupeana zamu saa ya kuwaona wagonjwa. Anayekwenda asikae akitazama simu. Amwambie mzee ni siku gani, kwa lugha ya mama. Amnyweshe maji na kumtembeza, ikiwa daktari ameruhusu. Na akiona mabadiliko, amwambie muuguzi waziwazi: "Hivi sivyo alivyo." Muuguzi hakumjua mzee kabla ya Jumatatu, wewe wamjua.

Taja pia kila alichokuwa akitumia, hata Piriton mliyomnunulia apate usingizi, maana dawa kama hiyo yaweza kumvuruga mzee. Taja hata chang'aa. Mnywaji wa miaka mingi akikatizwa ghafla huweza kuweweseka, na asipotibiwa, kufa.

Akirudi nyumbani, akili huenda ikachukua wiki, hata miezi, kutulia. Msimwachie jiko wala dawa zake peke yake. Ikiwa mwezi wa tatu bado anatia chumvi kwenye chai, arudishwe kliniki apimwe. Kikao cha ploti kingoje.